Kichochoro kisichosombwa na masika: mwongozo kamili wa kutengeneza njia ya mtaa Arusha

Februari majirani wanachanga, lori la kifusi linakuja, vijana wanasambaza kwa chepeo, picha zinapigwa. Aprili mvua inapiga usiku mmoja, na asubuhi kifusi chote kiko uani kwa jirani wa chini. Njia imerudia makorongo yake, na mweka hazina hapokei simu.

Nimeulizwa kuhusu jambo hili na watu wa Sombetini, Sinoni, Moshono na Muriet, na kila mara jibu ni lile lile: mlianza na kazi ya mwisho. Njia ya miguu haiharibiwi na miguu, inaharibiwa na maji. Arusha imekaa kwenye mguu wa kusini wa Mlima Meru, kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mlima wenyewe unapita mita 4,500. Maji ya huko juu yanashuka kuelekea kusini. Kichochoro chochote kinachoelekea kusini ni kijito ambacho watu wanakiazima wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo hapa mtaro unatangulia na njia inafuata. Mfano nitakaotumia ni kichochoro cha urefu wa mita 60 na upana wa mita 2.4: mtaro sentimita 80 pamoja na kuta zake, na mita 1.6 za kupita watu. Cha kwenu kikiwa nusu ya hapo, gawanya kwa mbili.

## Vifaa, kabla hujamwita fundi

Kwa kichochoro cha mfano:

- Mawe ya kupasua: kama mita za ujazo 18. Kwa lori dogo la mita za ujazo 5, hizo ni tripu 4.
- Moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia njiani: mita za ujazo 19 ikiwa haijashindiliwa, yaani tripu 4 nyingine. Ikishindiliwa inabaki kama 14 na nusu.
- Mchanga: mita za ujazo 6 hadi 7.
- Kokoto: chini ya mita moja ya ujazo. Kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo, kinatosha.
- Saruji: mifuko 48 ya kilo 50. Nunua 50, maana miwili itapotea tu.
- Nondo za milimita 10: 7 za mita 12, pamoja na waya wa kufungia.
- Mpira wa maji unaoonyesha ndani, mita 12.
- Kamba ya fundi, vigingi, pima maji, futi kamba, sululu, chepeo, matoroli mawili, makarai, miiko, ndoo, mbao za kufyatulia vifuniko.
- Vishindilio vitatu: kopo la rangi la lita 4 lililojazwa zege na kupachikwa mpini wa mti. Mkiweza kukodi mashine ya kushindilia kwa siku moja, kodini.

Mawe yawe ya kupasua, yenye kona. Mawe ya mtoni ni mazuri kwa macho lakini ni duara, hayashikani, na fundi atakula saruji nyingi kuziba mianya.

Mchanga upimwe kabla lori halijamwaga. Chukua chupa ya maji ya plastiki, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka la kahawa. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, mrudishe dereva. Atalalamika, mwache alalamike.

Onyo la moramu: usitume vijana wa mtaa wakachimbe bure kwenye ngema ili kuokoa hela. Aprili 2013 kifusi kiliporomoka kwenye machimbo ya moramu Moshono na kuua watu zaidi ya kumi. Nunua kwa lori.

## Hatua ya 1: Tembea kwenye mvua

Watu hawapendi hatua hii kwa sababu inalowesha. Vaa buti, chukua mwavuli na chaki, toka mvua ikiwa inanyesha. Weka alama ukutani au kwenye jiwe kila mahali maji yanapoingia kichochoroni, na mahali yanapotokea. Mvua ikikatika, rudi upige picha madimbwi.

Mtashangaa kuona kwamba maji mengi hayatoki barabarani wala mlimani. Yanatoka kwenye mabati yenu. Paa la mita 10 kwa 10 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000. Nyumba sita zinazoelekeza paa kichochoroni ni lita 30,000, na hapo hujahesabu maji ya juu.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya ujenzi haifanyiki njiani, inafanyika kwenye mapaa. Kila nyumba iweke mfereji wa bati na tangi, hata la lita 1,000. Tangi likijaa, bomba la ziada liingie mtaroni moja kwa moja, lisimwagie njiani. Faida nyingine Waarusha tunaijua mdomoni: maji ya chini ya ardhi huku yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na meno ya kahawia ya watoto ni ushahidi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Mwaga ya dakika za kwanza yanayoosha vumbi la bati, kinga yanayofuata, chemsha ya kunywa.

Utajua umemaliza hatua hii ukiwa na mchoro wa mkono wa kichochoro chote, wenye mishale ya maji. Karatasi ya daftari inatosha.

## Hatua ya 2: Ofisi ya mtaa, mipaka na hela

Mwone mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake mkiwa na ule mchoro. Waombeni suala liingie kwenye mkutano wa mtaa na liandikwe kwenye muhtasari. Siku jirani mmoja akigoma katikati ya kazi, karatasi hiyo ndiyo itakayoongea, maana ninyi mtakuwa mmeshakasirika.

Ulizeni mambo matatu.

La kwanza, njia hii ni ya nani? Ikiwa iko kwenye orodha ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, msiiguse bila wao. Na ikiwa maji ya barabara yao ndiyo yanayoingia kwenu, mtaro wa sentimita 40 hautayameza, itabidi mhandisi wao aje aone. Vichochoro vingi havimo kwenye orodha hiyo na vinabaki mikononi mwa mtaa.

La pili, mabomba. Mwiteni mtu wa AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, awaonyeshe yanapopita. Mabomba ya vichochoroni mengi yamefukiwa juu juu, sululu moja inatosha kuwakosesha mtaa mzima maji siku tatu. Nasema hivi kama mtu aliyeipiga hiyo sululu.

La tatu, mipaka. Kuna ukuta uliosogea. Upo kila mahali. Msianze kwa kumtaja mwenye ukuta kwenye kikao. Nendeni wazee wawili na mama mmoja anayeheshimika, jioni, mkae mnywe chai yake. "Shikamoo mzee, tumekuja kukuomba ushauri wa njia yetu." Mtu aliyeombwa ushauri hutoa nusu mita ambayo mtu aliyeshtakiwa hatoi hata mahakamani. Mkishakubaliana, pandeni masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, kwenye mstari siku hiyo hiyo. Mmachame, Mmarangu au Mmeru, hakuna asiyejua maana ya sale kwenye mpaka.

Kuhusu hela: watunza fedha wawe watatu na daftari libandikwe ukutani kila Jumamosi, likiwa na risiti. Asiye na hela achangie siku za msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Andikeni siku hizo kwenye daftari lile lile, zihesabiwe sawa na hela, la sivyo mama mwenye kibanda cha chapati ataonekana hakuchanga kumbe amebeba mawe siku nne.

## Hatua ya 3: Tafuta mwisho wa maji

Kabla ya kuchimba sentimita moja, jibuni swali hili: maji yakitoka mwisho wa kichochoro yanakwenda wapi? Kama jibu ni "yanakwenda chini huko," simameni hapo. Huko chini kuna nyumba ya mtu.

Mwisho unaofaa ni mtaro wa barabara, au korongo la asili linalopitisha maji miaka yote. Kama mnakaribia Themi, Naura, Burka au mto mwingine, kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 za mto, kwa hiyo pitieni ofisi ya kata na afisa mazingira kwanza.

Pale maji yanapodondokea, tandikeni mawe makubwa kwenye eneo la mita moja na nusu kila upande bila saruji. Maji yakidondokea kwenye udongo mtupu yanachimba shimo, shimo linapanda kurudi juu, na baada ya misimu miwili mtaro wenu unaning'inia hewani.

Maji ya choo na ya chemba hayaingii humu. Mwenye bomba la siri aliondoe mapema, kwa sababu mtaro ukishakuwa wazi na msafi, harufu itamtaja.

## Hatua ya 4: Pima mteremko kwa mpira wa maji

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu macho ya Arusha yanadanganya. Tumezoea mlima upande mmoja, basi kila kitu tunakiona kinateremka. Nimeona mtaro wa mita 40 uliojengwa vizuri kabisa, wenye mawe yaliyopangwa kama meno, ukirudisha maji juu.

Jaza maji kwenye mpira wa mita 12. Yapitishe taratibu mpaka usione povu hata moja, kwa sababu povu moja linapotosha kipimo kizima. Watu wawili, kila mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi, vigingi viachane mita 10. Wa juu asogeze ncha yake mpaka maji yaguse alama ya sentimita 50 kutoka chini. Wa chini asubiri maji yatulie, yasimame kabisa, kisha aweke alama yalipofika. Kama kwake maji yako sentimita 65 kutoka ardhini, basi ardhi imeshuka sentimita 15 kwa mita 10. Andika, sogeeni, rudieni mpaka mwisho.

Sakafu ya mtaro inatakiwa kushuka angalau sentimita 1 kwa kila mita. Chini ya hapo mchanga unatuama na mbu wanapata makazi. Ikizidi sentimita 5 kwa mita, maji yanakuwa na hasira. Hapo jenga sakafu kwa ngazi: sehemu ya mita 3 yenye mteremko mdogo, kisha kidaraja cha kushuka sentimita 15 au 20, kisha mita 3 tena. Maji yanapiga kila kidaraja na kupoteza nguvu. Maeneo ya juu kama Moshono mtahitaji hili sana. Tambarare za Muriet shida yenu ni kinyume, kupata hata hiyo sentimita moja.

Mtaro uwe upande gani? Kichochoro kikikata mteremko, weka upande wa juu, uyakamate maji kabla hayajavuka njia. Kikiteremka moja kwa moja, weka upande wenye mageti machache ili upunguze vifuniko. Kwa vyovyote usichimbe ukikwangua msingi wa nyumba ya mtu.

## Hatua ya 5: Chimba kutoka chini kwenda juu

Ukianzia juu na mvua ya ghafla ikaja, maji yote yanaingia kwenye shimo lisilo na pa kutokea. Ukianzia chini, kila mita uliyochimba tayari inafanya kazi. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Januari na Februari kunawezekana, lakini unakimbizana na masika ya Machi.

Chimba upana wa sentimita 80 na kina cha 55. Panga sakafu ya mawe ya unene wa 15, kisha kuta mbili za unene wa 20 na kimo cha 40. Nafasi ya maji inabaki 40 kwa 40, na chepeo inaingia bila kugonga ukuta. Mtaro mwembamba kuliko chepeo hausafishwi, mtaona wenyewe.

Mchanganyiko ni saruji mfuko mmoja kwa mchanga matoroli mawili ya kawaida, yaani karibu moja kwa nne. Fundi akiongeza toroli la tatu "kwa sababu mchanga ni mzuri", anaokoa hela yenu leo na kuwarudisha kazini mwakani. Loweka mawe kabla ya kuyajenga. Jiwe kavu lenye vumbi linanyonya maji ya saruji, kisha linang'oka zima kama jino bovu.

Sasa jambo dogo lililoharibu mitaro mingi kuliko jingine lolote. Ukuta wa upande wa njia usizidi uso wa njia. Mafundi wanapenda kuunyanyua sentimita 10 ili upendeze. Ukishanyanyuliwa, maji ya njiani yanaukuta, yanakosa pa kuingilia, yanateremka sambamba nao na kuchimba mfereji wao wenyewe pembeni ya mtaro mliougharimia. Ukuta uwe chini ya njia kwa sentimita 1 au 2. Mkihofia watoto na vipofu kuteleza humo, pandeni mawe ya alama kila baada ya mita moja na nusu, na kati yake muache wazi.

Mwagilia kuta asubuhi na jioni kwa siku 7, na zifunike kwa magunia au majani ya migomba. Kazi ya kumwagilia wapeni watoto wa nyumba husika, wanaifanya kwa moyo wote.

Jaribio: mwaga ndoo mbili za maji kule juu na utembee nazo hadi chini. Zikifika bila kuacha dimbwi hata la kikombe, mmefaulu. Dimbwi likibaki, rekebisha sakafu siku hiyo hiyo, saruji haijakomaa.

## Hatua ya 6: Vifuniko vya kwenye mageti

Kila geti linahitaji kivuko. Usimwage zege moja kubwa juu ya mtaro, maana siku taka zikiziba chini yake utaivunja kwa nyundo. Fyatua vifuniko vya sentimita 80 kwa 40, unene 10. Kila kimoja kina uzito wa kilo 77 hivi, watu wawili wanakinyanyua. Vitatu vikikaa pamoja ni kivuko cha mita 1.2.

Zege ni moja kwa mbili kwa nne: saruji, mchanga, kokoto. Weka nondo tatu za urefu wa sentimita 75 na tatu fupi za 35 za kukingama. Nondo ndefu zikae chini, zikiinuliwa sentimita 2 na nusu kutoka kwenye ubao kwa vijiwe. Kifuniko kikikanyagwa katikati, upande wa chini ndio unaovutika. Nondo ikikaa juu haisaidii chochote, na ndiyo maana vifuniko vingi mjini vimepasuka katikati. Piga alama ya msumari upande wa juu zege ikiwa mbichi, watu wasivigeuze siku ya kuviweka.

Vikae wiki moja vikimwagiliwa kabla ya kuvinyanyua, na wiki nne kabla pikipiki haijapita juu yake. Pale vinapokaa, kuta za mtaro zishushwe sentimita 10 ili kifuniko kilingane na njia. Kifuniko kilichonyanyuka ni kikwazo kwa bibi mwenye fimbo.

## Hatua ya 7: Sasa njia yenyewe

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na taka mpaka ufike ardhi ngumu. Kama ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, ongeza kuchimba sentimita 15 na ujaze mawe madogo kwanza. Udongo huo unavimba na kusinyaa, utaisukuma njia yenu juu na chini kama mkate unaoumuka.

Moramu inawekwa kwa matabaka mawili, kila moja likiwa sentimita 10 kabla ya kushindiliwa. Ukimwaga yote kwa mara moja, juu inakuwa ngumu na chini inabaki unga. Unyevu upime kwa kiganja: fumba moramu mkononi, fumbua. Ikisambaratika ni kavu mno. Ikitoa maji imelowa mno. Ikibaki donge na kuvunjika vipande viwili ukilibonyeza kwa kidole, shindilia.

Uso wa njia uinamie mtaroni kwa sentimita 3 kwa kila mita. Kwa upana wetu wa mita 1.6 ni kama sentimita 5 kutoka ukingo hadi ukingo. Ukitembea hutahisi chochote, lakini maji yanahisi. Weka pima maji juu ya ubao ulionyooka, kila mita 3, usikisie.

Njia inayoshuka sana, zaidi ya mita moja kwa kila mita 8 hivi, haifai moramu tupu. Hapo tandaza mawe na kuyashika kwa saruji, au jenga ngazi.

Na pevingi, yale matofali ya zege ya kutandika? Watu wanazipenda, na mimi nazipenda. Lakini pevingi bila mtaro na bila ukingo wa kuzishika ni kifusi cha bei mbaya. Malizeni misimu miwili ya mvua na moramu. Ikikaa, ongezeni pevingi juu yake, msingi upo tayari.

Dalili ya kufaulu: kisigino cha kiatu kikikanyagwa kwa nguvu hakiachi alama, na ndoo ya maji ikimwagwa katikati ya njia inaelekea mtaroni bila kuteremka na njia hata mita mbili.

## Hatua ya 8: Ipitike na watu wote

Mpaka hapa mna njia isiyosombwa. Kama inampendeza mtu kuipita ni jambo jingine, na linagharimu kidogo tu.

Kipimo changu si kitabu. Je, mama mwenye beseni la ndizi kichwani anapishana na kijana wa toroli la maji? Je, wabeba jeneza wanapita bila kuinamisha? Je, kiti cha magurudumu kinapita pasipo kusukumwa na watu watatu? Kiti kinahitaji sentimita 90 zilizo wazi na sawa.

Kwenye ngazi, kimo cha kila kipandio kiwe sentimita 15 na sehemu ya kukanyaga 35 au zaidi. Vyote vilingane, kipandio kimoja kilichozidi kidogo ndicho kinachoangusha watu gizani. Pembeni acheni mteremko laini kwa ajili ya magurudumu. Ule wa kiti cha magurudumu unapanda sentimita 1 kwa kila 12, na vichochoro vingi havina nafasi ya urefu huo. Basi angalau mteremko wa mtu wa kusukumwa na msaidizi, kuliko ngazi tupu.

Bodaboda ndio watakaowagombanisha. Wazo la kwanza la kila kikao ni kuweka vyuma wasipite. Kizuizi kinachomzuia bodaboda kinazuia pia kiti cha magurudumu na toroli, na usiku wa manane mgonjwa akizidiwa huyo bodaboda mtamtafuta kwa mayowe. Mpunguzeni mwendo tu: jiwe kubwa upande wa kushoto, mita 5 mbele jingine upande wa kulia, apite akijipinda.

Kivuli: mti mmoja kila mita 15 unatosha, upande usio na mtaro. Mringaringa unafaa huku kwetu. Mkuyu na jamii yake msiuweke karibu, mizizi yake inafuata maji na kupasua kuta. Kingo zilizo wazi pandeni vetiva, inashika udongo kwa mizizi mirefu inayokwenda chini badala ya kutambaa.

Taa: nyumba tatu au nne zinazokubali kuweka balbu moja ya LED ukutani, kwenye luku zao, ni za uhakika kuliko nguzo moja ya sola ambayo betri yake itaibwa. Mtaa ufidie umeme kwa kuwapunguzia mchango wa usafi.

Na palipo na kona pana, jengeni kibaraza cha mawe yaliyobaki, kimo sentimita 45. Kwetu kilijengwa kwa sababu mawe yalizidi. Sasa wazee wanakaa pale kuanzia saa kumi jioni, na tangu wakae hapo hakuna aliyemwaga taka mtaroni mchana.

## Hatua ya 9: Usafi una tarehe

Mtaro usiosafishwa unakufa kwa misimu miwili. Gawaneni kwa vipande: kila nyumba ina mita zake, zimeandikwa kwa rangi ukutani. Msaragambo wa wote uwe mara mbili kwa mwaka, wiki ya mwisho ya Septemba kabla ya vuli na wiki ya mwisho ya Februari kabla ya masika. Nyanyueni kila kifuniko, hata kile cha mwenyekiti.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na imepungua kweli, lakini chupa, viroba na nepi bado vinasafiri. Wekeni wavu wa nondo zilizobaki mwanzoni mwa mtaro, mianya ya sentimita 5, ulale kwa kuinama ili taka zipande juu na maji yapite chini. Wavu uliosimama wima unaziba kwa dakika kumi.

Moramu itapungua kidogo kila mwaka. Hifadhini toroli sita pembeni na muwahi shimo likiwa la ukubwa wa sahani. Chimba kingo zake ziwe wima, lowesha, jaza, shindilia. Kumwaga moramu juu ya dimbwi lenye maji ni kutengeneza uji.

Mvua ya kwanza kubwa ikija, tokeni tena na mwavuli na ile chaki. Kuna sehemu mbili au tatu ambazo maji yatafanya tofauti na mlivyotarajia. Kwetu ilikuwa bomba la paa la nyumba ya tatu, lilikuwa linaruka mtaro mzima na kupiga njia upande wa pili. Tulikata sentimita 30 za bomba kwa msumeno wa chuma, siku hiyo hiyo, tukiwa tumelowa.